Uigaji wa Malaria kwa Kompyuta: Mfano wa Bonde la Kilombero

Uigaji kwa kompyuta ni uundaji wa kielelezo cha kihesabu cha jamii na maradhi yake, ili athari za hatua fulani ya kinga zikadiriwe kabla haijatekelezwa. Katika utafiti wa malaria, Bonde la Kilombero lina nafasi ya pekee. Takwimu zilizokusanywa kijijini Namawala, karibu na Ifakara, mwanzoni mwa miaka ya 1990 zilidhihirisha kuwa mtu mmoja aliweza kuumwa na mbu wenye vimelea zaidi ya mara 300 kwa mwaka.

Swali la msingi lilikuwa hili: je, vyandarua vyenye viuatilifu vielekezwe kwa watoto wadogo na wajawazito tu, au kwa watu wote? Mwaka 2007, Gerry Killeen na wenzake walionyesha kwa kielelezo kuwa matumizi ya asilimia 35 hadi 65 ya watu wote, wakubwa kwa wadogo, hunufaisha hata wasio na chandarua. Sababu ni kwamba vimelea huhitaji siku kumi hivi au zaidi kukomaa ndani ya mbu. Katika muda huo mbu huuma mara kadhaa, na kila aumapo huweza kukutana na kiuatilifu akafa. Hivyo basi, wachache tu hufikia umri wa kuambukiza.

Hata hivyo, kielelezo hakizidi ubora wa dhana zake. Mbu wakiwa sugu, au wakiuma nje kabla watu hawajalala, hesabu hubadilika. Kwa hiyo kompyuta haiondoi haja ya kuwahesabu mbu vijijini.