Ukuta wa Chokaa Hutaka Kupumua

Nyumba zetu za kale za Lamu, ambazo wazee walizoea kuwapa mabinti wao waolewapo, zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Adui wao ni maji. Hupanda kutoka ardhini au huvuja darini, yakabeba chumvi hadi usoni mwa ukuta. Yakaukapo, chumvi hugeuka chembe ngumu zinazolimomonyoa jiwe.

Wengi wetu, tuonapo lipu ikianguka, hukimbilia saruji. Hapo ndipo tunapokosea: saruji huyafungia maji ndani, na jiwe likaendelea kuliwa nyuma ya uso mzuri.

Tuanze kwa kuziba yanakoingia maji. Kisha fundi aondoe saruji, afagie chumvi kwa brashi kavu, na aunyweshe ukuta maji meupe yaliyotuama juu ya chokaa iliyozimwa, mara nyingi, kwa siku kadhaa. Chokaa hiyo ikikutana na hewa hurudi kuwa jiwe, ikazishika kidogo kidogo chembe zilizolegea. Mwisho apige lipu ya chokaa. Watoto wakae mbali, kwani chokaa huunguza macho.

Mama zetu na dada zetu, kabla saruji haijakorogwa, mwulizeni fundi: maji yaliyomo ukutani yatatokea wapi? Nyumba ni amana. Mwenyezi Mungu atujaalie tuwaachie binti zetu kuta, si vifusi. Amin.