Mavuno ya Wasio na Shamba

Sikukuu ya Shukrani ikishapita mwishoni mwa Novemba, familia nyingi za Marekani hubeba msumeno na kamba, zikaenda kwenye shamba la miti au msituni kukata mti wao wa Krismasi. Wenyewe hupenda kusema wameirithi mila hiyo kwa mababu. Mti uliopambwa kweli ni wa zamani kiasi, maana ulifika huko na wahamiaji wa Kijerumani. Lakini watu wa mijini waliuzoea sokoni: mwaka 1851 Mark Carr alishusha miti kutoka milima ya Catskill akaiuza New York. Shamba la kupanda miti hiyo kwa makusudi lilikuja baadaye, W. V. McGalliard alipootesha miche 25,000 karibu na Trenton, New Jersey, mwaka 1901. Kwa hiyo desturi ya familia kwenda shambani kujikatia ni changa, na imeshamiri hasa miongoni mwa watu wasiolima. Naiona kuwa ibada ya mavuno ya watu wasio na shamba.

Tazama wanavyoifanya. Miti iliyokwisha kukatwa na kufungwa kwenye wavu inauzwa mjini, tena karibu na nyumbani. Wao wanaiacha, wanakwenda kuzunguka kwenye tope au theluji wakibishana: huu mrefu mno, ule umepwaya upande mmoja, wa kule umeshachaguliwa. Hatimaye baba au mama analala chini ya matawi na kukata, mtoto anapewa msumeno kwa dakika mbili za mwisho, na wote wanaukokota mti hadi kwenye gari. Kazi yenyewe imefanywa na mkulima. Mti wa jamii ya msonobari uitwao Fraser, unaolimwa sana North Carolina, hukaa shambani miaka kadhaa, mara nyingi kati ya 6 na 10, ukipunguzwa matawi kila mwaka ili upate lile umbo la pia iliyogeuzwa juu chini. Familia inafika siku ya kuvuna tu. Ni kama mwenye shamba anayeishi mjini, na tusimcheke sana, maana hata yeye siku hiyo moja hushika panga.

Wapo wanaouliza kwa nini mti mzima uuawe kwa ajili ya wiki chache za mapambo. Kwa miti ya shambani swali hilo halina nguvu: ni zao, hukatwa na mingine kupandwa. Katika misitu ya taifa, familia hununua kibali kwa dola chache, hufunga lebo kwenye mti, hukata katika eneo lililotajwa na kuacha kisiki kifupi. Hairuhusiwi kukata kilele cha mti mkubwa. Penye miche iliyosongamana, kupunguza michache huipa nafasi inayobaki. Hoja ya petroli ndiyo nzito zaidi. Anayeendesha gari mwendo mrefu kwa ajili ya mti mmoja hana haki ya kumkebehi jirani anayetumia ule ule wa plastiki mwaka wa kumi na tano.

Wengine husema hii ni biashara iliyovikwa vazi la mila: trekta la kutembeza watoto, kikombe cha kakao, picha mlangoni. Ni kweli, na wenye mashamba hawafichi. Ila kinachonunuliwa hapo ni mchana mmoja ambao wazazi na watoto wanalazimika kukubaliana juu ya kitu kimoja na kukibeba pamoja, na muuza miti wa kando ya barabara hana bidhaa hiyo. Hata idara ya misitu inaonekana kulielewa jambo hilo: misitu mingi ya taifa humpa mwanafunzi wa darasa la 4 kibali cha kukata mti bila malipo. Kama shabaha ingekuwa mti tu, umri wa mkataji usingekuwa na maana.