Bima Yako Ikifilisika: Stika Iko kwa Kioo, Lakini Doh Iko Wapi?

Piga picha hii. Unaendesha Probox ya abiria kati ya Isebania na Kehancha. Bima umelipa, stika iko kwa kioo, life iko sawa. Asubuhi moja unagonga mse wa nduthi, anavunjika mguu. Unapigia kampuni ya bima simu, haishikwi. Siku mbili baadaye mtu wa steji anakurushia tangazo kwa WhatsApp: kampuni yako imewekewa msimamizi. Sasa?

Hii si stori ya jaba. United Insurance ilianguka 2005, Blue Shield 2011, Concord 2013, Resolution 2022, Xplico 2023, na Agosti 2024 ikawa zamu ya Invesco. United, Blue Shield, Xplico na Invesco zilikuwa zinakava mathree sana, na sidhani hiyo ni bahati mbaya tu. Ajali ni nyingi, wanaodai ni wengi, na kampuni zinapigania wateja kwa kushusha bei hadi pesa inayoingia haitoshi kulipa majeruhi. Ukiuziwa kava kwa bei ya kutupa, jiulize kwanza mbona.

Mwenye kuzichunga hizi kampuni anaitwa IRA. Moja ikilemewa, IRA inaweka msimamizi, halafu malipo yote yanasimamishwa. Wewe, majeruhi, garage, hospitali, wakili, wote mnapanga laini. Kuwekewa msimamizi si kufa; anaweza kuifufua. Ikishindikana, korti inaifunga na mfilisi anauza kilichobaki. Hiyo safari huchukua miaka, buda, si wiki.

Hapo ndipo PCF inaingia, ule mfuko wa kufidia wenye bima. Na usione ni kama msaada, pesa yake ni yako. Angalia risiti yako ya bima: kuna 0.25% imekatwa, yaani bob 25 kwa kila 10,000, na kampuni nayo inatoa yake. Shida ni kwamba PCF hailipi zaidi ya KSh 250,000 kwa dai moja. Kama korti imempa yule mse wa nduthi 800,000, hiyo 550,000 inabaki ikidaiwa.

Inadaiwa nani? Hii ndio part inaniuma. Wengi wanadhani malipo yakisimamishwa, mwenye gari pia amefichwa. Majaji wamevutana kwa hiyo mambo, na wengi wamesema kinga ni ya kampuni, si yako. Kumaanisha aliyeumia anaweza kukufuata wewe mwenyewe, na auctioneer akaja kuchukua Probox kwa boma. Yaani umelipa kava kila mwezi bila kukosa, na bado gari inaenda. Kwa hivyo ukiletewa karatasi za korti usizikalie juu ati "hiyo ni ya bima." Tafuta wakili mapema.

Kama wewe ndiye uligongwa, weka abstract ya polisi, P3 na risiti zote za hospitali mahali mvua haifiki. Msimamizi akitangaza watu walete madai, peleka yako haraka na ubaki na kopi iliyopigwa muhuri.

Fundi wa garage ambaye alinyoosha gari akingoja kampuni imlipe yuko pabaya zaidi. PCF iliwekwa kwa ajili ya madai ya bima, si bili zako za rangi na bampa. Unaandikisha deni lako kwa mfilisi, na mbele yako kuna gharama zake pamoja na wale waliokopesha kampuni wakashika dhamana. Next time omba hata nusu kabla uguse spana.

Kampuni ikifungwa kabisa, ile stika ni karatasi tu. Kuendesha bila bima ni kosa, na afande wa barabarani hatajali kwamba ulilipa juzi. Nunua kava ingine hiyo siku hiyo. IRA hutoa orodha ya kampuni zenye leseni ya mwaka, icheki kabla utoe chapaa. Na ukilipa, lipa kwa paybill ya kampuni, si kwa namba ya simu ya ejenti, hata kama mmesoma pamoja.