Kuvu ya nyumba na amana ya mkaguzi

SIFA njema zote anastahiki Mwenyezi Mungu, ambaye miongoni mwa neema zake kwetu ni kutujaalia nyumba tunamopata sitara na utulivu. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo.

Ndugu wasomaji, Ijumaa ya leo tunakusudia kuzungumzia jambo ambalo aghalabu hatulipi uzito, nalo ni kuvu inayoota katika kuta na dari za nyumba zetu, ambayo wengine huiita ukungu na wengine kawa. Tunakusudia hasa kazi ya kuikagua: mkaguzi anatafuta nini, kipimo chake kina thamani gani, na ana wajibu upi baada ya kuona.

Tuanze kwa kujisema wenyewe. Miaka kadhaa iliyopita, masika yalipokolea, ukuta wa chumba wanacholala watoto nyumbani kwetu ulianza kuingia madoa meusi. Tulifanya wanavyofanya wengi: tukanunua kopo la rangi, tukapaka, na ukuta ukarejea kung'aa. Haukupita muda madoa yakarudi, nasi tukapaka tena. Yaliporudi mara ya tatu tukamwita fundi bomba mmoja, mtu mzima, naye habari ya rangi hakuiuliza kabisa. Aliuliza swali moja tu: je, madoa haya huongezeka wakati wa mvua peke yake, au hata kiangazi? Tulipomjibu kwamba hata kiangazi, aliweka kiganja chake ukutani, akakishusha taratibu mpaka karibu na sakafu, kisha akazunguka upande wa pili, kulikokuwa na bafu. Bomba lililofukiwa ndani ya ukuta lilikuwa likivuja kidogo kidogo. Muda wote ule tulikuwa tukipaka rangi juu ya maji.

Kosa hilo kwetu sisi liligharimu fedha. Kuna familia ambayo kosa la namna hiyo hiyo, lililofanywa na wenye dhamana ya nyumba, liliigharimu uhai wa mtoto.

Kisa cha Rochdale

Katika mji wa Rochdale, karibu na Manchester nchini Uingereza, aliishi mtoto aitwaye Awaab Ishak pamoja na wazazi wake, Waislamu waliotoka Sudan. Walikuwa wapangaji wa nyumba yenye chumba kimoja cha kulala, katika majengo yanayosimamiwa na shirika la nyumba la mji huo. Mwaka 2017, kabla Awaab hajazaliwa, baba yake alitoa taarifa kwamba nyumba inaota kuvu. Jibu alilopewa lilikuwa apake rangi. Alipaka, na kuvu ikarudi.

Mwaka 2020 baba huyo alifungua madai kupitia wanasheria. Mwezi Julai mwaka huo mhudumu wa afya aliliandikia shirika kueleza wasiwasi wake, na mkaguzi akafika, akaiona kuvu jikoni na bafuni kwa macho yake. Pamoja na hayo, matengenezo hayakufanyika, kwani utaratibu wa shirika ulikuwa kwamba madai yakishaingia mikononi mwa wanasheria, kazi husubiri makubaliano. Tarehe 21 Desemba 2020, siku nane baada ya kutimiza umri wa miaka miwili, Awaab alifariki dunia. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun.

Novemba 2022, Bi. Joanne Kearsley, ofisa mwenye mamlaka ya kisheria ya kuchunguza vifo katika eneo hilo, alitoa uamuzi wake: mtoto huyu alikufa kwa maradhi makali ya njia ya hewa, yaliyosababishwa na kukaa kwa muda mrefu ndani ya nyumba yenye kuvu, na hatua za kuiondoa hazikuchukuliwa. Nyumba ile haikuwa ikipitisha hewa ipasavyo.

Katika uchunguzi huo lilidhihirika jambo jingine linalotugusa sisi moja kwa moja. Wenye nyumba walikuwa wamedhania kwamba kuvu ile imetokana na namna familia hiyo inavyoishi na kuoga, wakahusisha hata taratibu za ibada za kujitwaharisha. Baadaye shirika lenyewe lilikiri kwamba dhana hizo zilikuwa za makosa. Tazameni, ndugu zetu, jinsi dhana inavyoweza kuketi mahali pa ukaguzi. Laiti wangetazama namna hewa inavyoingia na kutoka katika nyumba ile, wasingehitaji kutazama namna watu wanavyooga.

Kutokana na kifo hicho, Bunge la Uingereza lilipitisha mwaka 2023 vifungu vya sheria ya nyumba za kijamii vinavyojulikana kwa jina la Sheria ya Awaab, navyo vilianza kutumika tarehe 27 Oktoba 2025. Kwa mujibu wake, mwenye nyumba za aina hiyo akipewa habari ya hatari ya dharura, hana budi kuichunguza na kuizuia ndani ya saa 24. Akipewa habari ya unyevu au kuvu yenye madhara makubwa, anapaswa kuichunguza ndani ya siku 10 za kazi, kumpa mpangaji muhtasari wa maandishi ndani ya siku 3 za kazi baada ya uchunguzi kukamilika, na kuiweka nyumba katika hali ya usalama ndani ya siku 5 za kazi. Akishindwa, awatafutie watu wale mahali pengine pa kukaa. Zingatieni kwamba sheria hii haikuishia kuamuru ukaguzi. Imeufunga ukaguzi na matendo kwa kamba moja, kwa sababu nyumba ya Awaab ilikaguliwa, na mtoto akafa.

Mkaguzi hutafuta nini?

Kuvu ni kiumbe hai, na mbegu zake, chembe ndogo zisizoonekana kwa macho ziitwazo spora, zimo hewani kila mahali, ndani ya nyumba na nje yake. Hakuna awezaye kuzimaliza. Kinachoziotesha ni maji. Ndiyo maana wataalamu wanasisitiza kwamba kitu kilicholowa kikaushwe ndani ya saa 24 hadi 48, kabla kuvu haijashika. Basi mkaguzi anayeijua kazi yake, japo ameitwa kwa ajili ya kuvu, hutafuta maji: yanatoka wapi, yanapita wapi, na kwa nini hayakauki.

Huanzia nje. Hutazama paa, misumari na maungio ya mabati, mifereji ya kukinga maji ya mvua, nyufa za ukuta, na kama ardhi inateremkia upande wa nyumba au imerundikwa juu ya msingi. Kisha huingia ndani, akachungulia nyuma ya makabati, chini ya masinki, kwenye pembe za dari na pale kiyoyozi kinapodondosha maji. Hutumia pua pia, kwa kuwa uvundo aghalabu hutangulia madoa. Na huwauliza wenyeji kama yule fundi wetu alivyotuuliza. Doa linalokua wakati wa mvua pekee huelekeza kwenye paa au ukuta wa nje, na lile lisilojali majira huelekeza kwenye bomba. Unyevu unaopanda kutoka sakafuni kwa usawa mmoja, ukiacha unga mweupe wa chumvi, mara nyingi ni maji ya ardhini. Na kuvu inayojificha kwenye pembe na nyuma ya kabati, katika chumba kisichopitisha hewa, ni dalili ya mvuke unaogeuka maji juu ya ukuta wa baridi.

Vipo vyombo vya kusaidia. Kiko kipima unyevu, ambacho aina yake moja ina sindano mbili za kuchomwa ukutani, hutambua unyevu kwa kupima namna umeme unavyopita. Na iko kamera inayoonyesha tofauti za joto. Lakini chombo hakisemi peke yake. Chumvi iliyomo ukutani hupitisha umeme, ikaweza kumdanganya msomaji wa kipimo akadhani ukuta umelowa kuliko ulivyo. Jambo hili linatuhusu sana sisi watu wa mwambao, tunaoishi katika nyumba za mawe ya matumbawe na chokaa kule Zanzibar, Mombasa na Lamu, ambako chumvi ya bahari imo ukutani. Nyumba hizo zilijengwa ili kuta zake zipumue. Anayezifunika kwa plasta ya saruji huyafungia maji ndani, kisha akashangaa ukuta unavyovimba na kumomonyoka.

Je, hewa ipimwe?

Wako wanaodhani kwamba ukaguzi haujatimia mpaka hewa ya nyumba ikusanywe na kupelekwa maabara. La, hasha. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2009 kuhusu unyevu na kuvu majumbani, halikuweka kiwango cha idadi cha kuvu ambacho chini yake watu wote wako salama. Lilichosisitiza ni kuzuia unyevu na kuvu. Shirika la serikali ya Marekani linalosimamia mazingira nalo linaeleza kwamba kuvu ikiwa inaonekana kwa macho, katika hali nyingi hakuna haja ya kuchukua sampuli. Isitoshe, spora za hewani hubadilika saa hadi saa, kwa kufunguliwa dirisha tu au kufagiliwa chumba. Sampuli inaweza kufaa pale uvundo upo na kuvu haionekani, au inapotakiwa kuthibitishwa kwamba mahali pamesafishwa sawasawa, na hapo achukue mwenye ujuzi.

Tena pana suala la uadilifu. Mtu anayelipwa kwa kuondoa kuvu, akiwa yeye ndiye anayeamua kama kuvu ipo na ni nyingi kiasi gani, nafsi yake inamvuta upande mmoja. Baadhi ya majimbo ya Marekani yameliona hilo. Jimbo la New York, kwa sheria iliyoanza kutumika mwaka 2016, linakataza mtu mmoja kuwa mkaguzi na msafishaji katika kazi hiyo hiyo moja. Hata pasipo sheria, mwenye busara humlipa mkaguzi kwa macho yake na ukweli wake, kisha akatafuta fundi mwingine kwa mikono yake.

Mkono ndani ya chakula

Ndugu wasomaji, uislamu wetu haukuliacha jambo la unyevu uliofichwa. Imepokewa katika hadithi sahihi kwamba Mtume (S.A.W.) alipita sokoni penye lundo la chakula, akaingiza mkono wake ndani, vidole vikagusa umajimaji. Alipomuuliza mwenye mali, akajibiwa kwamba kilipatwa na mvua. Mtume (S.A.W.) akamkemea kwa kutokukiweka kile kilicholowa juu ili watu wakione, akabainisha kwamba mwenye kughushi hayumo katika njia yake. Kwa hakika mtu yule hakulaumiwa kwa mvua, kwani mvua huteremshwa na Mola. Alilaumiwa kwa kuweka kikavu juu ya kibichi.

Basi ni ipi tofauti kati ya lundo lile na ukuta uliopakwa rangi wiki moja kabla ya dalali kumleta mnunuzi? Mafakihi wamempa mnunuzi hiari ya kurejesha kitu akigundua aibu ya zamani aliyofichwa, na pakizuka ubishi kama jambo fulani ni aibu au siyo, hurejewa wenye ujuzi wa kitu hicho. Hapo ndipo inapodhihiri hadhi ya mkaguzi: maneno yake ni mfano wa ushahidi, na ushahidi haufichwi kwa ajili ya mwenye nyumba wala hautiwi chumvi kwa ajili ya malipo.

Kwa hiyo tunawausia mambo machache. Mwenye nyumba, mpangaji akikuletea habari ya kuvu, usianze kwa kumtuhumu uchafu. Nenda ukatazame, na ukishaona, tengeneza. Mpangaji, toa taarifa mapema na kwa maandishi, piga picha zenye tarehe, fungua madirisha wakati wa kupika na kuoga, na usilisukume kabati mpaka likagusa ukuta. Kuvu isiyozidi takriban mita moja ya mraba, juu ya sehemu ngumu, mtu mzima mwenye afya anaweza kuisafisha mwenyewe kwa maji na sabuni, akiwa amevaa glavu na kufunika pua na mdomo, kisha akakausha barabara. Asichanganye dawa ya kung'arishia nguo na dawa nyingine zenye amonia, kwani hutoa hewa ya sumu. Zulia au ubao laini wa dari ulioliwa na kuvu mara nyingi hauna dawa ila kutupwa. Na mwenye mtoto au mzee anayesumbuliwa na pumu au kifua amweleze daktari hali ya nyumba anayolala, kwani huenda daktari hatauliza.

Ama kopo la rangi, liwe la mwisho, baada ya maji kukatwa na ukuta kukauka. Sisi tulilitanguliza, tukapoteza masika mawili. Wazazi wa Awaab waliambiwa walitangulize, na hapakuja mtu wa kuweka kiganja chake ukutani na kuuliza maji yanatoka wapi.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu amrehemu mtoto yule, awape subira wazazi wake, na atujaalie kuwa miongoni mwa wanaoona wakasema, na wakishasema wakatenda. Wabillahi tawfiq.