Mlango Mpana wa Gereza

Tuseme kijana amekamatwa Kiptere Ijumaa alasiri, amelewa na anafanya fujo njiani. Kifungu cha 49 cha Katiba ya 2010 kinataka afikishwe kortini ndani ya saa 24. Saa hizo zikiishia siku ambayo korti haikai, polisi wana hadi mwisho wa siku ya korti inayofuata. Basi OCS, yaani mkuu wa kituo cha polisi, asipompa dhamana ya polisi, na uwezo huo anao, kijana atalala seli mpaka Jumatatu. Kosa lenyewe, kwa sheria ya vileo ya 2010, faini yake haizidi shilingi 500 au kifungo cha miezi mitatu.

Kwa miaka mingi mahabusu wamekuwa zaidi ya theluthi ya waliomo magerezani Kenya, pengine wakikaribia nusu. Hawa hawajahukumiwa. Ndiyo maana nasema msongamano hupikwa kituoni na kwenye meza ya dhamana, kabla ya hukumu yoyote.

Katiba imemkinga mlevi wetu: kosa ambalo adhabu yake ni faini tu, au kifungo kisichozidi miezi sita, halimpeleki mtu rumande. Mama aliyempikia chang'aa hana kinga hiyo, kwani adhabu ya kuuza bila leseni ni kubwa mno. Ana haki ya dhamana, ndiyo, ila hakimu akitaka mdhamini mwenye hati ya shamba, ataitoa wapi? Mashamba mengi bado yako kwa jina la babu aliyekwisha kufa, na bonasi ya majani chai huja mara moja kwa mwaka. Mwongozo wa dhamana wa 2015 unawataka mahakimu wapime uwezo wa mshtakiwa. Wapo wanaopima. Asiyepata mdhamini huishia gereza la Kericho.

Mtindo huu wa kuwafungia wasio na pesa ni wa zamani. Serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya kambi za vizuizi mwaka 1925, ikazijaza watu wa makosa madogo, wakiwamo walioshindwa kulipa kodi.

Ndugu yako akikamatwa, omba namba ya OB, yaani kitabu cha matukio cha kituo, na uulizie dhamana siku hiyohiyo, hata kama ni Jumamosi. Ukilipa pesa taslimu, dai risiti: mshtakiwa akihudhuria kesi hadi mwisho, pesa hizo hurudishwa.