Kwa Nini Probox Hulia Sana Barabara ya Ahero

Wenye magari wengi Kisumu huuliza swali moja. Probox ikifika kilomita 100 kwa saa katika uwanda wa Kano, pale barabara inaponyooka kuelekea Awasi, mbona injini hulia kana kwamba inadai gia nyingine ambayo haipo? Fielder ya miaka ya karibuni hupita kimya kwa mwendo uleule. Mwenye Probox huanza kushuku gia boksi, na akiangukia fundi asiye mwaminifu huuziwa nyingine. Mara nyingi hakuna kilichoharibika.

Chukua kalamu tupige hesabu. Tairi la 175/65R14 lina upana wa milimita 175, ubavu wenye kimo cha asilimia 65 ya upana huo, na rimu ya inchi 14. Jumla yake ni kipenyo cha milimita 583, hivyo likizunguka mara moja gari husogea mita 1.83. Kilomita 100 kwa saa ni mita 1,667 kwa dakika. Tairi basi huzunguka kama mara 910 kila dakika. Kati ya tairi na injini kuna gia uliyoingiza, kisha difu. Tuseme difu ni 4 na gia ya tano ni 0.8. Ukizizidisha unapata 3.2, maana yake injini huzunguka mara 3.2 kila tairi linapozunguka mara moja. Hapo ni mizunguko 2,900 na ushei kwa dakika. Ukirudi gia ya nne, ambayo tuseme ni 1, injini hupanda hadi 3,640 bila gari kuongeza mwendo hata kidogo.

Katika gari la gia za mkono injini haina hiari. Klachi ikiwa nzima, mizunguko hufuata tairi, uwe umebeba abiria mmoja au magunia ya omena kutoka Usenge. Ndiyo maana mlio peke yake hauthibitishi ugonjwa. Dalili ya kuogopa ni mizunguko kupanda huku mwendo ukibaki palepale kwenye gia ileile. Hiyo ni klachi inayoteleza, na hapo nenda kwa fundi bila kuchelewa.

Toyota iliitoa Probox mwaka 2002 iwe gari la kusambaza bidhaa madukani Japani, na ile ya mizigo iliruhusiwa kubeba kilo 400. Gari la kazi hiyo hupewa gia zinazolipa nguvu ya kung'oa mzigo, hata kama litapiga kelele kwenye barabara kuu. Waendesha boda boda wa baiskeli wanalijua jambo hili miguuni: sproketi ndogo ya nyuma hukupa mbio pale tambarare, lakini ukifika mlima wa Riat na abiria nyuma, utashuka usukume. Probox ilichaguliwa isishuke. Injini yake ya 1NZ-FE, ile ya sisi 1,500, hutoa nguvu ya juu kabisa karibu na mizunguko 6,000, na hukokota vizuri zaidi karibu na 4,200. Kwa injini kama hiyo, yenye oili safi na maji ya kutosha, 3,000 ni mwendo wa kawaida wa kazi.

Fielder ya karibuni hunyamaza kwa sababu gia boksi yake ya CVT hutumia mkanda na puli badala ya gia nne au tano zilizopimwa moja kwa moja. Inaweza kuishusha injini hadi karibu 2,000 kwenye tambarare. Probox zilizotoka kuanzia 2014 nazo zina CVT, kwa hiyo usizilinganishe na za zamani.

Kwenye Probox ya zamani ya otomatiki kuna kitu cha kukagua kabla ya kutoa hela. Angalia dashibodi: je, taa ya O/D OFF inawaka? Kitufe chake kiko kwenye mkono wa gia, na ni rahisi kukigusa bila kujua. Taa ikiwaka bila kumemeta, gari linazuiwa kuingia gia ya nne. Gia ya tatu huizungusha injini takriban asilimia 40 zaidi ya ya nne, na mwenye gari anaweza kusafiri hadi Busia hivyo, akilaumu mafuta ya petroli.

Matairi nayo hubadilisha hesabu. Wengi huinua magari kwa ajili ya barabara za murram. Ukiondoa 175/65R14 ukaweka 185/70R14, kipenyo huongezeka kwa asilimia 5 hivi. Mlio hupungua, lakini nguvu ya kupanda mlima hupungua kwa kiasi hichohicho, na kipima mwendo husoma chini kuliko kilivyokuwa kikisoma. Matatu yenye kikomo cha kilomita 80 inaweza kufika 84 bila dereva kuwa na habari.

Kinachoumiza injini hasa ni kuogopa mlio. Kisumu iko kama mita 1,130 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake nyepesi tayari imeinyang'anya injini isiyo na tabo karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu. Kericho, karibu mita 2,000, upungufu hufika kama moja ya tano. Dereva anayeng'ang'ania gia ya tano kwenye mlima wa kuelekea Kericho, mguu umezama na injini inatetemeka kwenye 1,500, huilazimisha kubeba mzigo mzito kwa mizunguko michache. Joto hupanda, injini huanza kugonga, na beringi hupata oili kwa shinikizo dogo. Shuka gia ya nne, hata ya tatu. Iache ilie.

Tambarare ni habari nyingine. Pale Kano gia ya juu huokoa mafuta kweli, ila upepo ndio mlaji mkubwa: kutoka 80 hadi 100, nguvu inayohitajika kuukabili hukaribia kuongezeka maradufu. Anayetafuta akiba na apunguze mwendo kwanza.

Kisha kuna mteremko wa kurudi Awasi kutoka Kericho, ambako baadhi ya madereva huweka niutro wakidhani wanabana matumizi. Injini iliyo niutro huendelea kunywa mafuta ili isizimike, na breki hubaki peke yake na uzito wote. Ukibaki kwenye gia, au ukibonyeza kitufe cha O/D ili otomatiki irudi ya tatu, tairi ndilo huizungusha injini. Mguu ukiwa umetoka kabisa kwenye aksileta, kompyuta hufunga nozeli. Mshale unaweza kusimama kwenye 3,500, injini ikilia kwa sauti kubwa, na kwa muda huo haitumii petroli hata tone.