Barabara za Rumonge: Kwa nini mtaro husafishwa kabla ya mvua

Mvua za kwanza zinapoanza mwezi Septemba katika mwambao wa Ziwa Tanganyika, hali ya barabara za Rumonge kwa msimu mzima huwa imekwisha kuamuliwa kwa sehemu kubwa. Mtaro uliozibwa na mchanga hauwezi kupitisha maji. Maji hupanda barabarani, hula kingo zake, na baada ya majuma machache lori la mawese halipiti, wala gari la ndagala halifiki sokoni kwa wakati.

Rumonge, mji ulio takriban kilomita 75 kusini mwa Bujumbura, unategemea barabara ya taifa nambari 3, RN3, inayofuata ukingo wa ziwa hadi Nyanza-Lac na kuendelea kuelekea mpaka wa Tanzania huko Mugina. Upande mmoja wa barabara hiyo ni ziwa, na upande wa pili ni milima yenye miteremko mikali. Mwishoni mwa Machi 2015, maporomoko ya udongo huko Gitaza yaliikata barabara hiyo. Mwaka 2021 na tena mwaka 2024, ziwa lilifurika na kuingia katika makazi ya watu wa mwambao.

Nani anawajibika?

RN3 si mali ya tarafa. Inasimamiwa na Wakala wa Barabara wa Burundi, ARB, uliochukua nafasi ya Ofisi ya Barabara. Fedha za matengenezo hupitia Mfuko wa Taifa wa Barabara, FRN, unaotegemea tozo ya mafuta. Kwa hiyo, uhaba wa mafuta ulioikumba nchi katika miaka ya karibuni hauwaumizi madereva peke yao: lita isiyouzwa haiingizi tozo.

Ujenzi mkubwa hufadhiliwa kwa njia nyingine. Mwaka 2018, Benki ya Maendeleo ya Afrika iliidhinisha fedha za kipande cha kilomita 45 kati ya Gitaza na Rumonge, pamoja na barabara ya Kabingo, Kasulu na Manyovu upande wa Tanzania.

Tarafa, kwa upande wake, inabaki na njia za udongo zinazoshuka kutoka vilimani, kama vile Buruhukiro na Gatete, hadi RN3. Hizo ndizo zinazopitisha mazao, wagonjwa na wanafunzi. Mzigo huo umeongezeka. Sheria ya mwaka 2023 ilipunguza mikoa kutoka 18 hadi 5 na tarafa kutoka 119 hadi 42. Rumonge, iliyokuwa mkoa tangu 2015, sasa ni tarafa ya mkoa wa Burunga.

Tatizo la kalenda

Matengenezo ni ya aina tatu: ya kawaida, kama kusafisha mitaro na kuziba mashimo, ya vipindi, kama kuweka changarawe upya, na ya dharura, baada ya daraja kuvunjika au udongo kuporomoka. Aina ya kwanza ndiyo nafuu kuliko zote, lakini ndiyo inayoahirishwa kwa urahisi. Shirika la barabara za taifa la Afrika Kusini, SANRAL, limekadiria kwamba gharama ya ukarabati huongezeka mara 6 barabara ikiachwa miaka 3, na mara 18 ikiachwa miaka 5.

Kikwazo kingine ni wakati. Mwaka wa fedha wa Burundi huanza Julai, katikati ya kiangazi. Zabuni ikianza kuandaliwa baada ya hapo, mkandarasi huweza kufika kazini mvua ikiwa imekwisha kuanza, na changarawe iliyomwagwa juu ya tope haidumu. Dawa yake ni kuandaa nyaraka zote kabla ya Julai, ili fedha zikitoka kazi ianze mara moja.

Mambo ya kurekebisha

Hatua ya kwanza ni orodha: kila njia, kila kalavati na kila mahali panapojaa maji, vikiandikwa na kukaguliwa mara mbili kwa mwaka, kabla na baada ya mvua. Bila orodha, fedha humfuata mwenye sauti kubwa, si barabara mbovu zaidi.

Hatua ya pili ni mikono. Kazi za pamoja za Jumamosi hufaa kwa kufyeka nyasi na kuzoa mchanga, lakini haziwezi kuchukua nafasi ya fundi wa kalavati wala greda. Vikundi vidogo vya wakazi, vikilipwa kwa kila kilomita iliyo safi, huweza kuutunza mtaro mwaka mzima.

Hatua ya tatu ni mgawanyo wa fedha unaojulikana. Tanzania ilianzisha TARURA mwaka 2017 kwa ajili ya barabara za mijini na vijijini, ikapewa asilimia 30 ya fedha za Mfuko wa Barabara, na asilimia 70 zikabaki kwa TANROADS. Mgao huo ulilalamikiwa kuwa mdogo, lakini angalau ulijulikana, hivyo uliweza kujadiliwa.

Mkazi wa Rumonge anaweza kuuliza maswali matatu katika mkutano wa mtaa au kilima chake: njia hii ni ya nani, imo katika mpango wa mwaka huu, na mtaro wake ulisafishwa lini? Wakati mzuri wa kuyauliza ni mwezi Mei, mvua zinapokaribia kwisha na mashimo yakiwa bado yanaonekana.